Kamba ya Tundu la Mbinguni

Rebenau, kando ya Mto Main, mwaka 1507

Jumatano ya Majivu

Nimepakwa majivu kwenye paji la uso na nimerudi nyumbani na hasira ileile niliyokwenda nayo, basi heri niiandike. Baba alinifundisha kuandika ili nimwekee vipimo vya kamba zake. Siku hizi hakuna kamba ya kupimwa, na karatasi zipo.

Mlangoni mwa kanisa Barbel, mke wa mwokaji mikate, amenishika mkono kwa ule upole wake wenye sumu. "Ottilia mwenzangu, usiwe na wasiwasi. Mwaka huu kamba tumeiagiza mji mwingine."

Nikamwambia ahsante, na kwamba mkate wake wa jana ulikuwa na mchanga.

Niseme yote tangu mwanzo, maana karatasi haichoki kusikiliza. Mwaka jana, Sikukuu ya Kupaa, sanamu ya Bwana ilikuwa inavutwa kutoka mbele ya altare hadi kwenye tundu la dari, kama inavyovutwa kila mwaka tangu enzi za bibi zetu. Aliyekuwa juu akivuta ni Endres, mume wangu, mtunza kanisa. Ilipobaki urefu wa mtu mmoja tu, Bwana akaanguka. Alivunjika vipande kumi na saba. Niliviokota mimi mwenyewe kwa aproni. Endres akashuka mweupe kama chokaa, akasema kamba imekatika, na jioni akasema ameichoma moto maana ni kamba ya laana. Na kamba ilikuwa ya baba yangu.

Wiki sita baadaye mvua ya mawe ikaja ikapiga mizabibu yote ya upande wa kilimani. Watu hawakuhitaji kuambiwa sababu. Baba, Burkhard, amesokota kamba miaka arobaini, za visima, za kengele, za mashua. Tangu siku ile hakuna mtu aliyegusa kamba yake. Anakaa ndani, mikono juu ya magoti, anatazama mlango.

Jumatatu, wiki ya kwanza ya Kwaresima

Amefika mchongaji wa kutengeneza sanamu mpya. Anaitwa Fundi Wendel, ana ndevu zenye vumbi na hasemi. Baraza la mji limeamua alale kwetu, kwa kuwa nyumba yetu ni ya kanisa na imeegemea ukuta wa kanisa. Amekula samaki wa chumvi watatu. Mmoja alikuwa wangu.

Jumatano

Njegere za kuponda. Theluji. Fundi amekula sufuria nzima.

Ijumaa

Gogo la linde, mti laini wa kuchongea, limeletwa ghalani. Nimempelekea bia, nikamkuta amelala chali sakafuni, gogo limening'inizwa juu yake kwenye boriti, analitazama tu. Hiyo ndiyo kazi anayolishwa na mji mzima.

"Fundi, umeugua?"

"Hapana."

"Umechoka?"

"Hapana. Ninyi mtamwona kutoka chini. Na mimi namtazama kutoka chini. Bia iweke hapo, mama, usimwage."

Jumanne, wiki ya tatu ya Kwaresima

Leo nimeona aibu, halafu nimecheka. Fundi ameweka mbao mbili juu ya mapipa, amelala chini yake, na anataka watu wapite juu yake bila viatu, ili atazame nyayo. Msuka vikapu amepita, mwashi amepita, shangazi wa padri amepita akishikwa huku na huku. Mimi nilipokataa akasema, "Mama, nyanyua vazi kidogo tu. Nataka nyayo, sitaki kingine."

"Hata ungetaka kingine, hupati."

Nikapita. Akanirudisha. Nikapita tena. Akauliza ile mipasuko ya visigino nimeipata wapi, nikamwambia kwenye sakafu ya kanisa, ambayo mimi ndiye ninayeisugua kwa maji baridi kila Jumamosi wakati wanaume wenye nyayo nzuri wamelala.

Akasema, "Sawasawa." Kisha akachukua patasi, akachonga hadi jua likazama, na hakuja kula. Hilo ndilo lililonishangaza.

Sikukuu ya Kupashwa Habari Maria

Wazee wa baraza wamekuja kukagua. Bwana alikuwa amelazwa juu ya meza, mgongo umekombwa kuwa mtupu ili mti usipasuke, na hana rangi. Atapakwa kidogo tu, midomo na macho. Kwa karibu kwa kweli anatisha. Shingo ndefu, kidevu kimechomoza, miguu mikubwa mno, na uso wote umetazama juu kabisa.

Mwokaji, ambaye ndiye mkubwa wa baraza, akazunguka meza mara mbili. "Huyu anatafuta nini darini? Kunguru?"

Wakacheka. Fundi hakucheka.

"Hatutauona uso wake," akasema mwingine. "Tumeagiza Bwana, tunaletewa kidevu."

"Uso wake si wenu siku hiyo," akasema Fundi Wendel. "Anakwenda kwa Baba yake."

"Na mvua ya mawe?" mwokaji akauliza, naye sasa hakuwa anatania. Kila mtu hapa anajua: upande ambao uso wa Bwana umeelekea anapoingia kwenye tundu, ndiko dhoruba zitakakotokea mwaka ule, na mwenye shamba upande huo huanza kusali mapema. "Kama anatazama juu, sisi tutajuaje?"

"Tazameni mawingu," akasema Fundi.

Wameondoka wamenuna. Endres alikuwa amesimama mlangoni muda wote na hakumtazama Bwana hata mara moja.

Ijumaa, kesho yake

Leo nitaandika yote niliyoyaona.

Fundi alitaka kupima tundu kule juu ya dari. Endres akasema goti linamuuma. Mwaka mzima sasa goti linamuuma kila inapotajwa ngazi ile. Basi nikachukua ufunguo, nikampandisha Fundi mimi mwenyewe, ngazi za mzunguko, giza, mavi ya popo, hadi juu ya dari ya mawe, chini ya paa. Sijawahi kufika huko, wanawake hatupandi. Mgongo wa dari umevimba kama mikate iliyopangwa tanurini, na katikati lipo tundu limefunikwa kwa ubao, na juu yake kapi la kupitishia kamba.

Fundi akapima. Mimi nikatazama huku na huku, kwa kuwa mimi ni mtu wa kutazama. Nyuma ya boriti, chini ya matandiko makuukuu ya altare, ilikuwepo kamba.

Niliijua mara moja. Baba huweka uzi mmoja wa bluu ndani ya kila kamba yake. Endres alisema ameichoma.

Nikautafuta mwisho wake. Kamba ikikatika kwa kuelemewa hufumuka: uzi huu unakatika hapa, ule kule, mwisho wake unakuwa kama fagio kuukuu. Hii ilikuwa sawasawa. Imekatwa kwa kisu, mapigo mawili. Nimekulia kwenye katani, na mtu hawezi kunidanganya kuhusu kamba.

Fundi Wendel alikuwa ameshika taa. Alitazama ule mwisho wa kamba, akanitazama mimi. Nikamsubiri aulize. Akasema tu, "Shuka taratibu, mama, jiwe la tatu limelegea."

Nimepika. Endres amekula. Nimemtazama akila.

Jumapili ya Matawi

Punda wa mbao na Bwana juu yake wamevutwa mjini kwa magurudumu. Baba hakutoka. Nimempelekea mkate. Sikusema.

Jumatano Kuu

Nimempelekea Baba supu. Ameniuliza mbona simtazami machoni. Nikasema moshi. Sikusema.

Jumamosi Kuu

Nimesema, lakini si kwa Baba. Tulikuwa tunapangusa vinara, mimi na Endres, kanisa tupu.

"Haikukatika," nikamwambia.

Hakuuliza nini. Aliweka kinara chini, akakaa kwenye ngazi ya altare.

"Nilitaka kuona," akasema.

"Kuona nini?"

"Watu. Miaka kumi na mmoja navuta, macho yangu kwenye kamba. Siku ile nikainama nikachungulia. Ottilia, nyuso zote zilikuwa zimetazama juu. Mamia. Midomo wazi. Hata wale wezi wa kuku. Nikasahau nina nini mkononi."

"Ukakata kamba ya baba yangu."

"Niliingiwa na hofu."

"Ukakata kamba ya baba yangu, Endres. Ukashuka ukamwekea mzee wa watu mzigo wako, na mvua ya mawe juu yake."

Akalia. Nilitaka kumpiga na kinara na nilitaka kumfuta machozi, na sikufanya lolote. Halafu akasema, "Nikisema, nyumba hii si yetu tena. Tutakwenda wapi?"

Na mimi, ambaye mdomo wangu unajulikana hadi kwenye kinu cha nafaka, nikanyamaza. Nilitazama ile nyumba kupitia dirisha, moshi wangu unatoka kwenye bomba langu. Siri ya mtungi aijuaye kata, ndivyo wanavyosema, na sasa kata ni mimi.

Pasaka

Amefufuka. Mayai, nyama ya kondoo. Sikusema.

Jumamosi baada ya Pasaka

Mvua. Sikusema.

Mtakatifu Georgi

Mizabibu imechipua. Baridi usiku; watu wamewasha moto mashambani kuikinga. Barbel amesema ikiungua atajua ni nani wa kumshukuru. Sikusema. Siku hizi nikiandika neno hilo najisikia kama nimeiba kitu kwenye meza ya maskini.

Sikukuu ya Mtakatifu Walpurga, Mei mosi

Kamba mpya imeletwa. Leo Fundi Wendel kafanya jambo ambalo sikulitarajia. Ameibeba begani, akaenda nayo hadi nyumbani kwa Baba. Nilikuwa huko nafagia.

"Mzee," akasema, "mimi najua mti, sijui kamba. Nimemchonga miezi miwili. Sitaki aanguke. Nikagulie."

Nilifikiri Baba atamfukuza. Kisha akanyoosha mikono, akaipitisha kamba yote vidoleni, pima kwa pima, amefumba macho, kama anavyosali mtu rozari. Ilichukua nusu ya asubuhi. Alipofika mwisho akasema, "Ni nzuri. Aliyeisokota ni fundi."

Kamba ya mtu aliyechukua riziki yake. Nikatoka nje nikasimama nyuma ya zizi la nguruwe, nikalia kwa sauti.

Jioni nilimweleza Endres, neno kwa neno. Hakula.

Jumatatu ya Maandamano ya Mashamba

Tumezunguka mashamba tukiimba, tukiomba tuepushwe na mawe na radi. Mawingu upande wa machweo. Watu wanamtazama Endres, wanapima mikono yake kwa macho. Hakuna mwingine aliyekubali kupanda, wote wanaogopa. Mwokaji amemwambia mbele ya watu, "Safari hii hatuna msokota kamba wa kulaumu."

Endres amejibu, "Najua."

Alhamisi, Sikukuu ya Kupaa

Nataka kuandika sawasawa, nisipunguze wala nisiongeze.

Asubuhi ilikuwa na mawingu. Kanisa lilijaa hadi milangoni, hata watu wa ng'ambo ya mto walikuja. Baba alikuja. Fundi alimfuata mwenyewe akamshika mkono, akamsimamisha nami karibu na nguzo, kisha akapanda juu kwa Endres. Watu walijisogeza mbali nasi, wakatuachia nafasi kubwa kama tuna tauni.

Bwana alisimama mezani mbele ya altare katikati ya mishumaa. Padri Eucharius akamwinua mara ya kwanza, akaimba. Mara ya pili, akaimba. Mara ya tatu kamba ikakaza. Nikasikia kapi likilia kule juu. Bwana akaacha meza.

Nilikuwa nimemwona kwenye meza ya ghala, nikamwona mbaya. Sasa naomba msamaha. Alipopita usawa wa vichwa vyetu ile shingo ndefu ikawa fupi, miguu mikubwa ikawa miguu, kila kitu kikarudi mahali pake, na mti ule haukuwa mti. Vazi lake lilipepea na hakukuwa na upepo. Alikuwa anaondoka. Miaka yote nimeona sanamu ikivutwa; leo niliona mtu anaondoka, na moyo ukaniuma jinsi unavyouma mtu wako anapofika kona ya barabara na hageuki.

Kisha zikabaki nyayo. Matundu ya misumari, na visigino vimepasuka. Vimepasuka kwa kutembea na kwa kazi. Ng'ambo ya kanisa mwanamke mmoja akasema taratibu, "Ni miguu ya mama yangu," na mwashi pembeni yangu alikuwa analia waziwazi, kofia mdomoni. Mimi nilijua ni visigino vya nani. Nikapiga magoti.

Ilipobaki urefu wa mtu mmoja, kamba ikasimama.

Baba alinishika bega. Bwana alining'inia pale, anazunguka polepole, nusu kichwa tayari kwenye tundu, na mwokaji alianza kusukuma watu nyuma kwa mikono miwili. Muda wa Salamu Maria mbili, tatu. Kisha kapi likalia tena, nyayo zikapanda, zikaingia gizani, hazikuonekana.

Kengele zilipaswa kulia, hazikulia. Baada ya hapo kila mwaka huanguka maua na mikate myembamba kutoka tunduni, na watoto hugombania. Tukasubiri na vichwa juu. Badala ya maua kikatokea kichwa cha mume wangu.

"Kamba ya mwaka jana haikukatika," akasema. Sauti ilitushukia wote. "Niliiachia mimi. Nikaikata kwa kisu ili nisilaumiwe. Kamba ya Burkhard ilikuwa nzima. Ilikuwa nzima, watu wa Rebenau. Mmemwonea mzee huyu kwa sababu yangu."

Padri alikuwa ameinua mkono wa baraka, akausahau hewani.

Kisha maua yakaanza kuanguka. Nadhani ni Fundi Wendel aliyemwaga kikapu. Mikate myeupe ikaelea ikashuka juu ya watu ambao hawakujua waokote au wasiokote. Mmoja ulitua kwenye bega la Baba, akauacha hapo.

Tulipotoka nje, watu walikuwa wanafungua njia tupite. Barbel alitaka kumshika Baba mkono. Baba hakuupokea wala hakuukataa, alipita tu. Mlangoni kwake akanigeukia.

"Ulijua?"

"Nilijua, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu Kwaresima."

Akafunga mlango polepole. Angeubamiza ningeumia zaidi kidogo, lakini ningepona mapema.

Ijumaa

Baraza limemfukuza Endres. Jumapili tatu atazunguka kanisa bila viatu na mshumaa mkononi. Nyumba tuiache kabla ya mwisho wa mwezi.

Nikamuuliza kwa nini aliisimamisha kamba. Akasema, "Panda ukaone, Ottilia. Mimi siwezi kueleza."

Nikapanda. Fundi Wendel alikuwa kule, anafunga vifaa vyake. Bwana alikuwa bado amening'inia kwenye kapi, nyayo kidogo tu juu ya tundu. Fundi alinionyesha pa kupiga magoti, pale anaposimama mvutaji, akamshusha mpaka kichwa kikawa chini ya sakafu. Kisha akamvuta.

Uso ule ulipanda kutoka kwenye mwanga wa kanisa ukanijia mimi. Haukuwa ule uso wa kutisha tuliouona mezani; ulichongwa kwa mtu mmoja tu, aliye mahali hapo, na hakuna mwingine mjini atakayeuona. Amechoka. Midomo imefunguka kidogo kama mtu aliyepanda ngazi nyingi. Macho hayaulizi wala hayalaumu. Ni macho ya mtoto anayerudi nyumbani baada ya kazi nzito, na anakutegemea umfungulie. Nikasikia aibu ya kila uongo niliowahi kusema tangu nizaliwe, na papo hapo nikasikia kupendwa, na sijui kama hivyo viwili ni vitu viwili.

"Ulijua ni nani atakuwa hapa," nikamwambia Fundi.

"Nilijua mtu atakuwa hapa. Kila mwaka yupo mtu hapa," akasema. "Huwa hawachongewi chochote."

Endres ameniambia jioni, akiwa amenipa mgongo: "Aliponitazama nilikuwa nimesimama mahali pa Baba yake. Na sikuwa na la kumjibu."

Jumanne baada ya Pentekoste

Fundi Wendel ameondoka. Tumehamia kwa Baba, hakutualika, hakutukataza. Tunalala darini penye katani. Kijiji cha ng'ambo kimeagiza kamba ya kisima, na kengele kubwa inataka mpya. Baba anasema nami mambo ya chumvi na kuni tu. Kwa Endres hasemi neno kabisa. Wanapishana kama paka wawili.

Ijumaa

Radi upande wa machweo tangu alfajiri. Wote walitoka nje kutazama mizabibu. Ikapita mbali.

Mtakatifu Vitus

Kamba ya kengele inahitaji watu watatu, na tuko watatu. Baba alisimama asubuhi kwenye njia ya kusokotea, mimi kwenye gurudumu, nyuzi zimefungwa. Mwisho mmoja ulikuwa hauna mtu. Endres alikuwa ukutani, anaomba Baba amwite na anaomba asimwite, namjua.

Baba aliutazama mwisho ule muda mrefu. Kisha akauokota, akamwendea mkwewe, akamtia mkononi na kuvifunga vidole vyake juu yake, kimoja kimoja.

"Shika," akasema. "Sasa usiachie."

Tumesokota hadi jua lilipotua, na hakuachia.